Kikapu Kwenye Kartoni ya Kazi

Mwalimu wa kazi ya mikono alitaka kila mwanafunzi atengeneze kartoni ya kazi za nyumbani kwao. Nilipasua kasha la sabuni, nikabandika karatasi juu yake kwa uji wa muhogo, nikachora kazi kwa wino na buluu ya kufulia: kuteka maji, kutwanga, kuni, na safari ya kijiji cha Swima kubadilisha unga na ndagala, dagaa wa ziwani. Chini ya kila kazi nilitoboa tundu la kuchomeka kijiti cha tete.

Nyumbani kwetu, mjini Baraka, tuliojua kusoma ni baba na mimi tu, basi kwenye kijiti cha kila mtu nilibandika picha. Baba kofia, naye hakuwa na tundu la kazi. Mama mwiko. Mimi jogoo, kazi yangu kuamsha wengine. Mama mudogo, mke wa pili wa baba, ambaye miaka ilipita na hajazaa, nilimchorea kikapu kitupu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

“Ndani ya kikapu yangu muko nini?” mama mudogo akauliza.

“Tunangojea, mama,” nikamjibu.

Kartoni ikatundikwa ukutani, na mama ndiye aliyehamisha vijiti kila asubuhi. Kikapu kilizunguka kwenye maji, kinu na kuni, basi. Mama mzazi wa mama mudogo alikuwa mgonjwa huko Swima, kwa hiyo mama mudogo aliniletea karanga za kukaanga ili nimchomekee kijiti kwenye safari. Nilichomeka. Asubuhi mama akakirudisha kwenye maji. Karanga nilikuwa nimekwisha kula.

Mama mudogo akamwendea baba. “Bwana, mama yangu anakufa.”

“Hiyo iko kartoni ya masomo,” baba akasema. “Fuata kartoni.”

Alfajiri moja akaenda bila ruhusa. Baba akaniamuru nitoe kikapu, nikakitia motoni.

Alirudi kichwa kimenyolewa. Huko alikuta wamekwisha kuzika. Hakusalimia mtu. Alisimama mbele ya kartoni, akatazama tundu kwa tundu.

“Yangu iko wapi?”

“Mwenye hana kijiti hapa, hana sahani,” mama akajibu kutoka jikoni.

Mama mudogo akainua mtungi. Mama akatoka, akamnyang’anya, akanitwika mimi nikateke maji. “Mayi ya leo iko ya jogoo.”

Njiani kwenda ziwani nilimpita mama mudogo, ameshika tena barabara ya Swima, mikono mitupu. Nilimkasirikia sana. Wenzangu wa darasani walikuwa wameketi ufukoni, wakaniona na mtungi wa wanawake.