Mwalimu Demetria Akataa Kupita Bila Kupingwa

Katika kota zote za Temeke, hakuna aliyeungoja uchaguzi wa mwaka hamsini na tisa kama Mwalimu Demetria. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imekubali Mwafrika apige kura, ila si kila Mwafrika: sharti awe na kisomo cha kutosha, au mshahara wa maana, au cheo. Demetria alikuwa na darasa la nane, alilolipata kwa masista huko kwao Bukoba. Mumewe Gaspar, fundi seremala, aliishia la nne. Basi nyumba ile ikawa na mpiga kura mmoja, na mpiga kura mwenyewe alivaa kanga.

Gaspar hakuachwa asahau hilo. Akiguna tu kwamba mchuzi umezidi chumvi, anaambiwa, "Baba Audax, tuliojiandikisha ndio wenye kauli."

Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Ukiruka mmoja, kura imeharibika. Demetria akafanya mazoezi mwezi mzima, akichora misalaba mitatu mitatu kwenye karatasi za kufungia sukari. Akashona gauni la buluu. Akaomba ruhusa ya siku nzima shuleni, maana kura si kitu cha kupiga mbiombio.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, jirani yao Nassibu, muuza kahawa na mwanachama wa kufa na kupona wa chama cha kudai uhuru, akaja mbio huku birika likimmwagikia miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu! Tumeshinda!"

"Marahaba. Tumeshinda nini?"

"Uchaguzi! Watu wetu wote watatu wamepita bila kupingwa. Hakuna mwingine aliyerudisha fomu."

"Sasa mie napiga kura lini?"

"Hupigi, Mwalimu. Ya nini tena? Si tumeshinda?"

Demetria akakaa kitako kizingitini. Nje ngoma zikaanza kulia. Ndani yeye akajifunga kitambaa cha kichwa kama mfiwa.

"Mama Audax," Gaspar akambembeleza, "si ndio hao hao uliowataka?"

"Niliwataka. Lakini nani aliwaambia wasiningoje?"

Siku nne akaenda shule amenuna, na watoto wakala hesabu za kugawanya toka asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Jumapili yake, watu wa mtaa wakakutana bombani. Foleni ya maji ilikuwa imefika mahali pa kupigana ndoo, ikabidi apatikane mwenyekiti wa kushika ufunguo.

"Ashike Mwalimu," akasema Nassibu. "Nani atampinga?"

Watu wakapiga makofi. Demetria akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Sipiti bila kupingwa! Mtu akipita hivyo, wenzake wamepokonywa kura zao!"

Akaangaza huku na huku, akamshika mkono Filomena, muuza vitumbua, mwanamke mpole asiyegombana hata na nzi. Filomena akakataa, akabembelezwa, akakubali shingo upande. Demetria akaenda kubadili nguo, akarudi na gauni la buluu. Kanga ikatundikwa, nyuma yake pakawekwa debe. Kila mtu akapewa punje moja ya hindi na haragwe moja: hindi ni Mwalimu, haragwe ni Filomena, unatia moja, jingine unabaki nalo mfukoni. Demetria alipoingia nyuma ya kanga alikawia hata watu wakakohoa.

Nassibu akamwaga debe. Mahindi kumi na moja. Maharage ishirini na mbili.

Demetria akahesabu mwenyewe, mara mbili. Kisha akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa anayakagua mawingu.

"Baba Audax, umetia nini?"

"Kura ni siri, Mama Audax. Si wewe uliyetufundisha?"

Halafu mabega ya Demetria yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia, kumbe kicheko kimemshinda. Aliyelia ni Filomena.

"Mie sikutaka, Mwalimu! Sasa nifanyeje?"

"Kwanza futa machozi, Mwenyekiti," Demetria akasema, akimtia ufunguo kiganjani. "Halafu fungua bomba, watu wana kiu."

Akajitwika ndoo yake tupu, akaenda kusimama kwenye foleni, mtu wa saba.