Mwalimu wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi mimi ndiye niliyemimina chai ya walimu, kwa sababu nilikuwa mwalimu mdogo kuliko wote. Siku hiyo, mwaka wa 1986, nilipita dirisha la darasa la tatu na birika mkononi, nikasimama.

Mwalimu Mbinya alikuwa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Herufi zilipinda kama za mtoto wa nasari. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa leso, umefichwa ndani ya sweta.

Nikanong'ona, "Umefanya nini?"

"Nilianguka mtoni. Peleka chai, itapoa."

Mto wetu hapo Matinyani ulikuwa mchanga mtupu.

Kila mtu alijua. Bwana Nzomo, mwalimu mkuu, alijua. Msaada wake ulikuwa mmoja: kwenye ibada ya asubuhi tuombee "ndoa ya mwenzetu". Amina, kengele, basi.

Saa ya chai tulimkuta mumewe, Muthama, katika ofisi ya walimu, kwenye kiti cha Mbinya. Mzee wa kanisa, koti safi, Biblia pajani.

"Mke wangu amechoka," akasema kwa upole. "Naomba aache kazi, apumzike nyumbani."

"Si vibaya," Bwana Nzomo akasema. "Na huo mkono, watoto watasoma nini?"

Mbinya aliangalia sakafu. Walimu wengine walikoroga chai. Mimi ndio mwoga kabisa, hata salamu huwa najibu nikiangalia viatu.

"Basi tufunge kwa maombi. Mwalimu Kavata, fupisha," Bwana Nzomo akaniambia.

Kwetu, mtu akishafumba macho kuomba, hakatizwi. Hata na mzee wa kanisa.

Nikafumba.

"Baba, asante kwa Mwalimu Mbinya. Wewe unajua mto umekauka. Unajua nani alivunja ule mkono. Yeye hajaomba kuacha kazi. Tusamehe kwa kukuachia kazi yetu. Kuna nyumba ya walimu huko nyuma, iko tupu, na ufunguo uko kwenye droo ya Bwana Nzomo."

Muthama alikohoa. Niliendelea hadi amina.



Wewe unayesoma, ombea mwenzako wa kazini, sawa. Lakini angalia kwanza ufunguo uko wapi.

Nilipofumbua macho, Mbinya alikuwa amesimama, mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya meza ya mwalimu mkuu.

"Nipe huo ufunguo," akasema. "Sikuanguka mtoni. Alinivunja huyu, na kazi siachi."