Motokari Yangu na Kabini ya Avenyu

Mimi ni mtu wa kujivuna, na sioni sababu ya kuficha. Baba alijivuna kabla yangu. Alifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyusha mukuba, ile shaba yetu ya Katanga, tangu ujana mpaka kifua kilipomkatalia, na hadi leo akiona fundi amebeba waya lazima amsimamishe aushike kidogo. Mimi nauza vifaranga vya kuku vya siku moja. Navipokea mpakani Kasumbalesa, vikitoka Zambia ndani ya makartoni yenye matundu, na kuvileta Lubumbashi kwa wamama wanaofuga, kuanzia huku kwetu Makomeno mpaka Kasapa, nyuma ya chuo kikuu. Watu husema, ukitaka vifaranga vinavyofika vizima, mtafute yule mama. Yule mama ni mimi.

Kifaranga cha siku moja hakina subira. Hakijui foleni, wala hakimjui duwanye, ofisa wa forodha, aliyeondoka kwenda kula. Kinataka joto tu, na joto likikosekana kinalala ubavu, basi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapouma asubuhi na malori yamepangana mpaka huoni mwisho wake, mimi hukaa kwenye foleni hiyo na makartoni yangu nyuma. Miaka mingi nilikaa huku injini inawaka bure kwa ajili ya hita tu, esansi, hiyo petroli, inakwisha na mimi sijasogea hata hatua. Halafu ile motokari ya zamani ikafa. Ilikufa mwezi wa tano, baridi ikiwa mlangoni, na wamama wa Kasapa walikuwa wamekwisha kuniagiza vifaranga.

Kaka yangu mkubwa, yaya wangu, ni mtu wa malori na barabara ya Kasumbalesa anaijua kama kiganja chake. Ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa muuza magari. Huko kulikuwa na mawili niliyoyaweza. Moja jeupe, la umeme mtupu. Lingine la bluu, la mioyo miwili: lina betri unayoichaji ukutani nyumbani, na lina injini ya esansi pia. Yaya hakupoteza muda. Aliomba lile la bluu tulijaribu mpaka mpakani.

Lilikwenda kimya, tamu kweli, lakini kabla ya nusu ya njia betri ikaisha na injini ikaamka. Kwenye foleni nikawasha hita. Injini inaamka, inalala, inaamka tena, na kila ikiamka kiti kinatetemeka. Nilikuwa nafikiria makartoni. Yaya yeye alikuwa anafurahi kama ameliunda mwenyewe.

"Umeona, mudogo yangu? Courant ikiisha, esansi iko. Esansi ikiisha, courant iko. Haiwezi kukuacha mu njia."

Alikuwa na haki, na mimi nilijua. Mji wetu courant, yaani umeme, inakuja kwa zamu, leo usiku, kesho mchana, kesho kutwa hakuna. Mtu mwenye akili timamu angenunua la bluu, akalala usingizi.

Jioni tulimwelezea baba yote mawili, na jinsi lile jeupe lilivyojaa waya za mukuba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mutoto yangu, miaka yote ile nilikuwa nayeyusha mukuba, naiona inapanda treni, inaenda. Hata siku moja sikuiona inarudia. Sasa imerudia, iko na magurudumu, na wewe unatafuta ile inakunywa esansi?"

"Baba," yaya akasema, "motokari haitembei na historia. Inatembea na kitu iko mu tanki."

"Wewe nyamaza. Wewe uko mutu ya mazoti, ile dizeli ya malori yako."

Nilicheka, lakini maneno ya baba yaliniingia. Kesho yake nilirudi peke yangu uwanjani, nikaketi ndani ya lile jeupe, nikawasha hita. Joto likaja. Hakuna kilichoamka, hakuna kilichotetemeka. Nilikaa pale nikiwawazia vifaranga wangu wametulia nyuma, na muuza magari akaniuliza kama nimesinzia.

Sasa, jambo ambalo muuza magari hakulijua ni kabini yetu. Kabini ndicho kile kijumba cha umeme kwenye kona, kinachogawa umeme wa avenyu nzima, mtaa wetu wote. Cha zamani kiliungua, tukakaa gizani muda mrefu, mwisho tukachanga wenyewe tukanunua kingine. Wanaume walichimba, sisi wanawake tulipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa mafundi mpaka siku taa zilipowaka. Kwa hiyo ile kabini ni yetu, na mtu akitaka kuibebesha mzigo mpya, avenyu lazima iseme. Habari za motokari yangu zilifika kabla ya motokari yenyewe, na shefu wa avenyu akatuita kwake.

Aliyesimama wa kwanza ni mama mmoja jirani, anayeuza barafu na maji baridi mbele ya lango lake. Kongelateri yake, friza hiyo ya barafu, ndiyo shamba lake; imesomesha watoto wake wote.

"Kabini tulinunua juu ya kubeba kongelateri na resho," alisema. "Hatukuinunua juu ya kubeba motokari! Siku itapasuka, mama, utatupikia siye wote?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Damu ilinipanda mpaka masikioni, nikasimama.

"Nisikieni vizuri. Sitawaomba hata siku moja muzime hata taa ya choo. Nitachaji mukiwa mumelala. Naapa mbele ya baba yangu."

Shefu akasema, "Basi, maneno imesikika. Achaji usiku," na kila mtu akaenda kwake. Wiki ile nilinunua lile jeupe. Nilinunua nusu kwa ajili ya vifaranga na nusu kwa hasira, nikalipita lile la bluu bila kuligeukia.

Siku ya kwanza nilimzungusha baba mjini. Alivaa koti lake la ibada. Alipitisha mkono kwenye mlango, kwenye dirisha, akainama kuangalia chini ya miguu yake.

"Mukuba yangu iko upande gani humu?"

"Iko pote, baba. Hata mu injini. Hata mu betri."

"Inatembea muzuri," alisema, akakaa wima mpaka tuliporudi, akiwapungia watu asiowajua. Jioni nilinunua vinywaji kuimwagilia motokari, kama desturi yetu, na avenyu nzima ikaja kunywa. Mama wa barafu hakuja.

Na alikuwa ameona mbele, yule mama. Saa za kupika, resho zote, yale majiko ya umeme, zikiwaka pamoja, umeme wetu unalegea, balbu zinakuwa nyekundu kama mtu mwenye homa. Chaja yangu ya ukutani haikubali umeme uliolegea: taa yake inageuka nyekundu na inakata kabisa. Nilijaribu mara mbili, ikakata mara mbili. Basi nikafanya nilivyoapa, nikawa nachaji usiku watu wamelala, na kwa muda mambo yakaenda.

Halafu ikaja siku ya lile agizo kubwa la wamama wa Kasapa. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko motokari, kwa hiyo watu wa Zambia walikubali kuniletea mpakani kwa siku mbili mfululizo. Leo nusu, kesho nusu. Nilikuwa nimehesabu vizuri: usiku wa katikati ningechaji.

Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa ya kung'ata. Nilipokea makartoni, nikaingia kwenye foleni ya kurudi nyuma ya lori la mahindi. Madereva walikuwa wanawasha injini na kuzima, wanajipuliza mikono. Mimi nilikuwa ndani ya joto, na vifaranga nyuma wanalia ile sauti yao ndogo ya raha. Kijana wa kubadilisha pesa alikuja, akainamisha sikio kwenye boneti.

"Mama, imezimika? Tukusukume?"

"Haijazimika. Inafanya kazi."

"Injini iko wapi? Sisikie kitu."

"Injini, baba yangu aliiyeyusha zamani. Ndiyo hii."

Alinitazama kama vile mimi naweweseka kwa malaria, akaondoka. Wacha aondoke! Nilikuwa nimejaa fahari mpaka shingoni.

Hapo simu ikalia. Alikuwa baba. Zamu ya umeme imebadilika, alisema. Kuanzia leo avenyu yetu inapewa mchana mpaka jioni, kisha giza hadi asubuhi. Motokari ingefika nyumbani na chaji kidogo tu, na saa za kuichaji zingekuwa zile zile za resho. Chaja ingekata. Kesho vifaranga wa nusu ya pili wangeshushwa mpakani kwenye baridi, wangenisubiri, wangekufa wakiwa ndani ya makartoni, na jina langu lingekufa nao. Yaya naye malori yake yote yalikuwa mbali, upande wa Kolwezi. Kwa mara ya kwanza nililikumbuka lile la bluu, na nililikumbuka kwa uchungu.

"Baba, tafazali, musiende kuomba mutu," nikasema. "Niliapa mbele yenu. Nitaona namna."

"Nimesikia," baba akajibu.

Namna yenyewe sikuwa nayo. Niliendesha mpaka Kasapa nikishusha makartoni, wamama wanafungua, wanachungulia, wanapiga vigelegele: hata kifaranga kimoja hakikuwa kimelala ubavu. Siku nyingine ningekaa nisifiwe. Siku hiyo niliwaambia tu, "Kesho mutapata bengine," nikaondoka kabla hawajaniuliza saa ngapi.

Nilipokata kona ya avenyu yetu jua lilikuwa bado juu, na kitu cha kwanza nilichoona ni moshi. Kwenye kila lango kulikuwa na jiko la mbabula, makala ya mkaa yanawaka, sufuria juu, wamama wameinama wanapepea. Kwetu hakuna anayegusa makala umeme ukiwepo. Makala yana bei, na yanachafua sufuria. Basi, nikajisemea, hata huo wa mchana wameukata. Nimekwisha. Nilisimamisha motokari katikati ya njia. Yaya alinionya, avenyu ikanionya, na mimi na mdomo wangu mrefu nikaapa.

Kioo kikagongwa. Alikuwa mama wa barafu, pepeo mkononi, macho mekundu kwa moshi.

"Unaangalia nini? Ingiza hiyo motokari, uichomeke!"

"Mama, courant haiko..."

"Nani amekuambia haiko? Courant iko tangu saa sita! Baba yako amepita kila lango na fimbo yake, anasema tutoto twa kuku tutakufa na baridi. Hakujua utafika saa ngapi, basi tukazima yote tangu mchana. Resho, pasi, yote. Tumeacha balbu ya shefu tu. Angalia pale."

Nikaangalia. Kwenye lango la shefu balbu ilikuwa inawaka kweupe, nyeupe kabisa, bila hata dalili ya kulegea. Sijawahi kuiona hivyo saa za kupika. Nilitaka kusema ahsante, nikasema lingine.

"Lakini niliapa, mama. Mbele yenu wote. Nilisema sitawaomba hata siku moja."

"Wewe ndiye uliapa," alisema. "Siye hatukuapa kitu. Na hukutuomba. Chomeka!"

Baba alikuwa amekaa mlangoni kwetu, koti la ibada mabegani, anajifanya haoni. Nilichomeka. Taa ya chaja ikawa kijani. Nilisimama mbele yake nikingoja igeuke, kama ilivyozoea, nayo ikabaki kijani, na kando yangu pote avenyu ilikuwa inakohoa moshi wa makala kwa ajili yangu. Nimejivuna mambo mengi maishani mwangu, lakini siku hiyo nililia kwa kujivuna, na sikujivunia motokari.

Nilitoka tena langoni kumtafuta yule mama. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye mbabula yake, amenipa mgongo, anakoroga sombe. Kongelateri yake ilikuwa imechomolewa ukutani, mlango wazi, na maji ya barafu yalikuwa yanapita chini ya lango lake, yanavuka njia, yanaingia kwenye mfereji. Hakuyaangalia hata mara moja.