Tofali Lisimame Kifuani

Manati hakuwahi kushika manati. Jina tulimpa sisi wajenzi wenzake kwa sababu ya mkono wake. Husimama chini akarusha tofali juu, nalo likimfikia fundi jukwaani linakuwa limeishiwa mwendo, limetulia hewani kidogo tu, fundi analichukua kama kikombe mezani. Likifika na kasi, vidole vya mtu vimekwenda. Kazi ndiyo hiyo, na Manati hakuwa na nyingine.

Fundi wa juu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa maneno.

Jukwaa lilipopandishwa kimo maradufu, nyapara alisema kesho analeta kapi na kamba ya kuvutia matofali juu, na Manati akae nyumbani, isipokuwa aonyeshe kwamba bado anafika. Manati akaona kimo maradufu kinataka mwendo maradufu. Akajikunja, akarusha. Tofali likampita shemeji miguu, kifua, kofia, likaendelea na safari zake. Liliporudi lilitua kwenye karai langu la saruji, nyapara aliyesimama kando yangu akarukiwa toka kola hadi viatu.

“Shemeji,” sauti ikashuka polepole toka jukwaani, “kama hukutaka nimwoe dada yako, ungesema mapema.”

Nyumbani Manati alichezea chakula tu. Binti yake, anayesoma sekondari na anayependa hesabu kuliko kuosha vyombo, akataka kujua kulikoni. Akaelezwa, akacheka mpaka mama yake akamkemea.

“Umezidisha, baba. Ukirusha kwa kasi maradufu, tofali linachukua muda maradufu kabla ya kuchoka, na muda wote huo linakwenda kasi maradufu. Linapanda mara nne.”

“Sasa nifanyeje?”

“Ongeza kasi kidogo tu; nyongeza isifike hata nusu ya kasi ya jukwaa la zamani.”

Asubuhi nyapara alikuwepo, mbali na karai langu, kapi begani. Manati akaomba ajaribu tena, akarusha. Tofali likapanda, likalegea, likasimama mbele ya kifua cha shemeji kabisa. Lakini shemeji alikuwa amefumba macho, amekumbatia nguzo. Likarudi lenyewe, Manati akalidaka.

Tukambembeleza afumbue. Akasema akifumbua ataliona likija, na hicho ndicho anachokiogopa. Mwishowe akakubali jicho moja.

Safari hii alilichukua. Akaligeuzageuza, akalipanga ukutani, akanyoosha mkono bila kutazama chini.

“Lete,” akasema.

Nyapara akageuka na kapi lake, akalirudisha stoo.