Maji ya Mikono

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu wa kike, mama wawili wa kanisa, na bibi jirani ambaye hakuingia ndani. Alikaa mlangoni kwake akichambua maharage na kutusikiliza.

Wazazi hawakuwepo tena. Nilikuwa nimeacha shule ili nilime na kupika. Wale mama walikuja Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi, kutazama kama watoto watatu tunaweza kuishi peke yetu. Wangetukuta wachafu, wangetugawa, mmoja huku, mwingine kule.

Kilikuwa kiangazi, na bomba lilikuwa limekauka. Nyumbani tulibakiwa na bidoni moja, dumu moja tu la maji. Kwetu maji yalikuwa na safari yake: yakitoka usoni yaliosha miguu, kisha yalifua matambara, na mwisho yalinyunyizwa sakafuni ili vumbi litulie. Mama ndiye aliyetufundisha. Asubuhi hiyo niliwaogesha wadogo zangu, nikaoga wa mwisho, nimesimama ndani ya beseni. Nilipoinamisha bidoni nipike chai ya wageni, haikutoa kitu.

Bibi jirani akaniletea mlangoni bidoni yake, moja tu aliyobaki nayo.

“Shika, mwanangu. Mgeni hawezi kukaa kinywa kikavu.”

“Na wewe, bibi?”

“Mimi sina mgeni. Utanirudishia.”

Wageni wakaja. Kitinda mimba aliwanawisha kwa kikombe, beseni chini ya mikono yao. Walipomaliza, alilibeba beseni polepole kama limejaa maziwa, akaliweka pembeni na kulifunika kwa sahani.

Mama mmoja akaangua kicheko. “We mutoto! Hata maji ya mikono munaficha? Munataka kuyapikia?”

“Hapana, mama. Hayo ni ya miguu yetu. Kisha yaya atafulia. Kisha ni ya nyumba.”

Yaya ni mimi. Ndivyo tunavyomwita mkubwa. Nilitazama chini kwa aibu. Kutwa nzima nilikuwa nimehangaika kuficha uhitaji wetu, na mtoto ameueleza wote kwa pumzi moja.

Yule mama wa pili aliitazama sakafu, kisha miguu ya kitinda mimba wetu, safi mpaka kwenye kucha.

“Tuwaache pamoja,” akasema. “Nikimpeleka huyu mudogo kwangu, atatufungia maji sisi wote.”

Walicheka, wakanywa chai, wakaenda. Hatukugawanywa.

Mvua iliporudi nilimpelekea bibi bidoni imejaa. Akaisukuma kwa mguu.

“Leo, wakati maji yananiingia mpaka kitandani? Utanilipa kiangazi, siku na wewe uko na moja tu.”

Kabla kiangazi hakijafika, mwanawe alikuja kumchukua wakarudi kwao Kivu, Kongo. Sikumwona tena.

Sasa naishi Mbarara, na bomba liko uani. Bado naoga nimesimama ndani ya beseni, na maji yake bado yanafulia matambara. Mdogo wangu wa kiume akinitembelea hunitania kupitia mlango wa bafu: “Yaya, huku maji ni mingi! Mwaga kidogo, hakuna atakayekufunga.”

Namwacha acheke. Jikoni kwangu, nyuma ya mlango, kuna bidoni moja ya njano ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Kila kiangazi naisafisha, naijaza upya, naifunga. Bibi hajaja kuichukua.