Udongo wa Kuziba Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu husema hivyo kuonyana tu, lakini kwetu pembeni mwa Nakuru ilikuwa kazi ya kila msimu wa mvua. Ufa wenyewe ulipita kwenye shamba la mama, kati ya nyumba na jikoni. Mvua ikikaza siku kadhaa, ardhi inafunguka, na mimi napigiwa simu nije kushika koleo.

Tuliuziba kwa mawe, majivu, magunzi ya mahindi, na udongo tuliochota nyuma ya zizi la ng'ombe. Nilichoka. Kumuuguza mtu asiyepona ni afadhali, maana mgonjwa angalau hukushukuru.

Maafisa wa kaunti waliitisha baraza kutushauri tuhame. Mmoja akafungua hotuba kwa methali ileile. Mama akasimama.

"Boss, huu ufa tumeziba mpaka tumechoka. Hiyo methali rudi nayo ofisini."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini mvua ikianza silali, nikifikiria jinsi chumba chake kilivyo karibu na ule ufa. Kila nikimwambia aje akae kwangu mjini, hunijibu kwamba ploti yangu haina hata pa kupanda sukuma wiki.

Mwaka huu mvua ilipopungua nilienda na koleo kama kawaida, nikamkuta mama amesimama nyuma ya zizi. Pale tulipozoea kuchota udongo palikuwa pamegeuka shimo pana, na jana yake, alivyoniambia, lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Sasa lilikuwa tupu. Ndani ya nyumba, ufa ulikuwa umepita chini ya ukuta, ukapasua sakafu ya chumba chake mpaka kwenye miguu ya kitanda. Hatukuhitaji mtu wa kutueleza maji yalikopitia. Shimo tulilochimba ili tuuzibe ufa ndilo lililokuwa likiunywesha miaka yote hiyo.

Nilirudi nje na koleo langu. Nikangoja aniambie nianze kuchota, maana sikujua kazi nyingine ya kufanya pale. Mama akanipokonya koleo, akaliegemeza kwenye zizi.

"Shamba yote nimelisha hii kitu," akasema. "Sasa imebaki mimi. Enda utafute pikapu."