Karatasi Iliyopanda Mlima

Ukitaka kumkasirisha Bi Mizani, usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba namba zake zimetiwa chumvi.

Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa akipima magunia kwenye ghala la nafaka. Bosi alimwambia awe anaikanyaga mizani kidogo wanunuzi wanapogeuka. Akagoma, akafukuzwa siku ile ile, akaondoka akimfokea bosi mpaka getini. Mumewe, fundi pikipiki, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamkabidhi mashine yake mpya ya kupimia nguvu za injini. Mume alifariki, huu ni mwaka wa sita sasa. Karakana wanaiendesha wawili: mbele yuko shemeji, mdogo wa marehemu, anayefungua injini na kuziongezea nguvu; nyuma, kwenye chumba cha matofali kinachonuka petroli na mpira ulioungua, yuko Bi Mizani na mashine yake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Pikipiki inapandishwa jukwaani, gurudumu la mbele linabanwa, la nyuma linakalia pipa zito la chuma lililozama sakafuni. Mikanda inakazwa, feni inawashwa, Bi Mizani anapanda, anatia gia ya nne na kuvuta mafuta mpaka mwisho. Injini inalizungusha pipa, kompyuta inasoma, karatasi inatoka ikionyesha nguvu za injini kwa hesabu ya farasi. Kila mteja anapimiwa mara mbili, kabla shemeji hajaigusa injini na baada ya kuigusa. Karatasi ya pili Bi Mizani anaipiga muhuri na kutia sahihi, na sahihi hiyo mafundi wa mji mzima wanaiamini.

Asubuhi moja akaingia mkunga wa zahanati ya juu mlimani, akiwa juu ya pikipiki yake, uso ameukunja. Hata salamu hakumaliza.

"Dada, karatasi yako imepanda mlima. Pikipiki yangu imebaki chini."

Bi Mizani alimkumbuka. Wiki mbili nyuma shemeji alimfungia bomba jipya pana la moshi. Kabla ya hapo injini ilipimwa farasi kumi nukta moja. Baadaye, kumi nukta sita.

"Ilikuwa inapanda kwa kulalamika, lakini inapanda," mkunga alisema. "Sasa nikipakia mtu inazimika katikati."

"Labda unapakia watu wawili."

"Napakia mama mmoja. Ni kweli huwa wako wawili, lakini yule wa pili ni mdogo sana."

Hapo damu ikamchemka Bi Mizani. Yeye, aliyepoteza kazi kwa ajili ya ukweli, leo aambiwe mwongo na mtu asiyejua bomba wala kabureta! "Ipandishe," alisema. "Tunapima mbele ya macho yako, halafu utaniomba radhi."

Akapima. Chumba kikatetemeka, karatasi ikatoka: kumi nukta sita.

"Haya! Umeona?"

Mkunga hakuitazama karatasi. Alikuwa ameinama, anaufuata kwa kidole waya mwembamba uliotoka kwenye kompyuta, ukapita chini ya jukwaa na kuishia nyuma ya bomba la moshi.

"Hiki ni nini?"

"Kipimajoto. Kinapima hewa ya chumba."

"Mbona kimelala kwenye moshi? Mimi nikimpima mgonjwa joto huku amekumbatia jiko, si watanifukuza?"

Bi Mizani aliinama kando yake. Kipimajoto kile mahali pake ni dirishani, na kabla ya kila kipimo cha kwanza alikiona dirishani. Hewa ya moto ni nyepesi na huinyima injini nguvu, kwa hiyo kompyuta ikisikia joto huihurumia injini na kuiongezea farasi kwenye hesabu. Mtu alikuwa akikihamisha kila mara kabla ya kipimo cha pili, na baada ya kile cha jana hakukirudisha; kompyuta ikaamini chumba kizima kinaungua, ikagawa farasi wa bure. Akakirudisha dirishani, akasubiri kipoe, akapima tena.

Tisa nukta saba. Bomba lile jipya lilikuwa limeipunguzia injini nguvu.

"Shemeji!" Sauti ilifika mpaka barabarani. "Njoo hapa! Nani anahamisha hiki?"

Shemeji alikuja anafuta mikono kwa kitambaa, wala hakupepesa macho. "Shem, ni namba tu. Watu wanatoka hapa wanacheka. Namba isipopanda wanakwenda kwa jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka mzima unawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa! Kwenye mashine ya kaka yako! Huna haya?"

"Usinifokee mimi peke yangu. Waya ulikuwa mbele yako kila siku. Na sahihi ni ya nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini hata nguo yenyewe alikuwa ameacha kuikagua. Aliuamini sana uaminifu wake mwenyewe mpaka akaacha kutazama chini. Hilo lilimuuma kuliko wizi wa shemeji, na kwa sababu lilimuuma alizidi kufoka.

"Mrudishie bomba lake la zamani. Sasa hivi!"

"Nilishalitupa kwenye vyuma chakavu."

"Basi nenda kalitafute! Chakura kwa mikono yako mpaka ulipate!"

Akachapa karatasi ya kweli, akaipiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka, akamnyooshea mkunga. Mkunga hakuipokea.

"Karatasi ninazo, dada. Panda nyuma."

Walikwenda. Bi Mizani, mwanamke mnene asiyeficha kilo zake, alikaa nyuma. Mwanzo wa mlima pikipiki ilikwenda vizuri. Katikati, penye kona yenye mawe, ikakohoa mara mbili na kuzimika. Mkunga akakanyaga breki.

"Ni hapa," alisema. "Alhamisi iliyopita nilikuwa na binti, mimba ya kwanza, uchungu umeshamshika. Alishuka hapa, akatembea."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ule mlango wa kijani wa zahanati."

Bi Mizani alitazama juu. Mlango wa kijani ulionekana mdogo kuliko kiberiti.

"Na mtoto?"

"Yupo. Alizaliwa kwenye ngazi."

Bi Mizani alishuka, akashika chuma cha nyuma, akaanza kusukuma.

"Acha, dada. Mimi peke yangu inanibeba."

"Usiiwashe!" alisema kwa ukali, machozi yakimchuruzika. "Nimesema usiiwashe."

Akasukuma mpaka mlango wa kijani.